Shajara ya vipuri vidogo: kila kipuri kina kilichokiua

6 Januari: Orodha ya maiti

Gari ni la mwaka 1968, milango minne. Silitaji jina kwa makusudi, maana nikilitaja watasoma wenye gari hilo tu, ilhali maradhi haya yanashika karibu kila gari la rika lake. Injini inapiga, bodi imenyooka. Kinachokwamisha ni vitu vya kuenea kiganjani ambavyo kiwanda kiliacha kuvitengeneza zamani: kifundo cha swichi ya taa, gia ya mota ya waipa, raba mbili za ukuta wa injini, vibanio kumi na kimoja vya paneli za milango, na kitasa cha lile dirisha dogo la pembetatu upande wa dereva.

Naandika ili atakayetaka kurudia kazi hii asianzie nilipoanzia mimi. Gharama nitazihesabu kwa saa, gramu na vipande vilivyokwenda pipani, kwa sababu bei hubadilika na saa haibadiliki. Breki, usukani na chochote kinachoshika gurudumu havimo humu na havitaingia. Kifundo cha taa kikivunjika utawasha kwa koleo. Breki ikivunjika hakuna atakayeandika shajara.

Kila kipuri nimekitia kwenye bahasha yake, na juu ya bahasha nimeandika swali: kilikufa kwa nini? Mtaona hapa chini kwamba kuandika swali na kulijibu ni mambo mawili. Nilikuwa na hamu ya kurukia swali la pili, yaani nitumie plastiki gani.

9 Januari: Kutambua plastiki bila maabara

Jioni moja, nje ya nyumba, upepo ukinipiga mgongoni. Majaribio manne yalinitosha, kila moja kwa kipande chembamba kama ukucha.

Maji kwanza. Polithini na polipropilini huelea. Nailoni, plastiki iitwayo ABS na nyingine nyingi huzama. Vyangu vyote vilizama. Kisha asetoni: ABS hulainika na kunata ndani ya dakika chache. Hakuna kilichonata. Sindano iliyopashwa moto ilipenya gia na vibanio, ila kwenye kifundo cha taa iligota kama imegusa jiwe, na harufu kali ya dawa ya hospitali ikatoka. Hiyo ni bakelaiti, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Ikishaiva haiyeyuki tena, kwa hiyo usitarajie kuilainisha wala kuiunga kwa joto. Mwisho ni moto: kipande cha gia kilinuka kama nywele zinazoungua, na hiyo ndiyo alama ya nailoni. Vibanio pia.

Ukihisi una PVC mkononi, pasha waya wa shaba nyekundu, uguse plastiki, uurudishe motoni. Mwali wa kijani unasema kuna klorini, na moshi wake usiuvute.

Kosa la siku: kipande cha gia nilikikata upande wenye namba ya kipuri. Namba imekwenda. Kata upande usioonekana, na piga picha kwanza.

Gharama: saa 2, na namba moja.

17 Januari: Kifundo cha kwanza chaponzwa na jua

Nilichora kifundo kwenye kompyuta, nikakichapa kwa printa ya 3D kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye mashine, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Kilipendeza hata nikampigia simu rafiki yangu aje akione. Siku ya tatu, gari likiwa limefungwa juani, kifundo kilikuwa kimeinama kama mshumaa uliosahauliwa.

Nilipaswa kujua. PLA huanza kulegea karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita 70 bila shida. Nikachapa cha pili kwa PETG, plastiki nyingine ya printa, ambayo husimama hadi karibu 80. Hiki hakikuinama, ila skrubu ndogo inayokibana kwenye shafti ilizama polepole ndani ya plastiki, na baada ya wiki kifundo kikawa kinazunguka peke yake bila kuwasha chochote. ABS na ndugu yake ASA hustahimili joto hadi karibu nyuzi 100, na ASA haifi jua haraka kama ABS. Lakini mistari ya tabaka ilionekana hata baada ya msasa, na mng'ao haukukaribia ule wa bakelaiti hata kidogo.

Uamuzi: kifundo kitamiminwa kwa resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, kwenye kalibu ya silikoni.

Gharama: vifundo 3 pipani, gramu 60 hivi za plastiki, saa 9 tukihesabu msasa.

2 Februari: Silikoni iliyogoma kukauka

Kipande mama, yaani kile kinachozungushiwa silikoni ili kiache umbo lake, nilikichapa kwa printa ya resini ya mwanga kwa sababu uso wake hutoka laini sana. Nikakizungushia silikoni inayogandishwa kwa platinamu, ile inayosifiwa kwamba hainywei. Kesho yake nje ilikuwa imekauka kabisa. Nilipofungua, upande uliogusa kipande mama ulikuwa uji. Nikasubiri siku nyingine, uji ukabaki uji.

Sababu ni kwamba silikoni ya platinamu hudhurika kwa urahisi. Resini za mwanga ambazo hazijaiva sawasawa huizuia kuganda, na vivyo hivyo salfa iliyomo kwenye baadhi ya udongo wa kufinyangia, na hata glavu za mpira. Wengine hukiweka kipande mama kwenye oveni kwa saa kadhaa na kukipaka vanishi ya akriliki. Nilijaribu kwenye kipande kidogo: afadhali, lakini madoa ya uji yalibaki pembeni. Nikahamia silikoni inayogandishwa kwa bati. Hiyo hunywea kidogo kadiri muda unavyopita, na kalibu zake hazizeeki vizuri kwenye kabati, ila kwa vifundo vinne nitakavyomimina mwezi huu hilo halinihusu. Ilikauka usiku mmoja, safi.

Ushauri ambao ningependa kuupewa mapema: kabla ya kumwaga gramu 300 za silikoni, dondoshea tone moja kwenye kitako cha kipande mama na ulitazame kesho.

Gharama: gramu 280 za silikoni pipani, siku 3.

11 Februari: Mapovu, kisha kulegea tena

Kumimina kwa kwanza kulitoa kifundo chenye vitundu kama sponji. Resini ya poliurethani haipendi maji, na mimi nilikorogea kijiti cha mbao. Mbao huhifadhi unyevu, unyevu hukutana na resini, gesi inazaliwa. Nikabadilisha: kijiti cha plastiki, kikombe cha plastiki, kalibu iliyopashwa moto kidogo. Mapovu yaliyobaki niliyaondoa kwa kumimina uzi mwembamba kutoka juu na kugongagonga meza. Mwenye chungu cha shinikizo hana haja ya kugongagonga hivi.

Kifundo cha pili kilitoka kizuri mno. Nikakiweka juu ya dashibodi, juani, bila kukifunga. Jioni nikakibonyeza kwa kucha, kucha ikaacha alama.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikasoma karatasi ya maelezo ya resini yenyewe, jambo ambalo ningefanya Januari. Resini hii ya kukauka haraka huanza kulainika karibu nyuzi 50. Yaani nimezunguka wiki nne kuitoroka PLA, nikaishia kwenye kitu kinacholainika kabla yake! Kuna resini za poliurethani na za epoksi zilizotengenezwa kwa joto la juu, lakini nguvu hiyo haziipati mezani: zinahitaji kuivishwa kwenye oveni baada ya kuganda. Yangu niliiacha siku nzima kwenye joto la chumba, kisha saa 2 kwa nyuzi 50, kisha saa 4 kwa nyuzi 80, kikiwa bado ndani ya kalibu ili kisibetuke. Fuateni karatasi ya resini yenu, si saa zangu.

Na bahasha? Niliifungua tena jioni hiyo. Kifundo cha asili kilikuwa na nyufa tatu, na zote tatu zilianzia kwenye tundu la skrubu. Hakikuuawa na jua hata kidogo. Bakelaiti ingecheka nyuzi 70. Kiliuawa na skrubu ya chuma iliyobanwa moja kwa moja kwenye kitu kigumu kisichopinda. Kwa hiyo cha mwisho kina bushi, yaani kijibomba kifupi, ya shaba njano ndani, imekerezwa mifereji kwa nje ili resini iishike, na skrubu inabana shaba, haigusi resini. PETG ilikuwa imeniambia jambo hilohilo mwezi uliopita, sikuisikiliza.

Gharama ya sehemu hii: vifundo 2 pipani, 3 vizuri, saa 11. Kimoja kimefungwa tangu jana.

25 Februari: Gia ya waipa, na hesabu iliyonidanganya

Gia ni ya nailoni, na kipenyo chake ningekikisia kwa macho, kama nilivyozoea kupima kabla sijanunua kalipa, kifaa cha kupimia milimita. Sasa kwa kalipa: meno 48, kipenyo cha nje milimita 52.9. Meno 14 yamekatika yote upande mmoja. Inasukumwa na skrubu ndefu ya chuma iliyo kwenye shafti ya mota.

Kanuni ya kupata ukubwa wa jino, unaoitwa moduli, ni rahisi: gawa kipenyo cha nje kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. 52.9 kwa 50 ni 1.058. Nikajiambia gia imechakaa au imevimba kwa uzee, moduli ni 1, nikachora. Gia ya majaribio ya PLA ilipita robo mzunguko, ikakwama. Nikalaumu printa. Nikachapa nyingine, nikapunguza meno kwa tupa, ikakwama palepale.

Siku ya pili usiku ndipo ikanijia kwamba gari lilibuniwa na watu waliopima kwa inchi. Wao hawatumii moduli, wanahesabu meno kwa kila inchi ya kipenyo. 25.4 ukigawa kwa 24 unapata 1.0583. Gia ni ya 24, haijavimba wala haijachakaa, iko sawasawa na siku iliyotoka kiwandani, isipokuwa meno 14. Uthibitisho uko kwenye skrubu ya mota: hatua tano za uzi wake zinapima milimita 16.6. Kwa moduli 1 zingekuwa 15.7. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na skrubu ya chuma haivimbi. Ianzie hiyo.

Gharama: jioni 2, gia 2 za majaribio, na msamaha kwa printa.

9 Machi: Nailoni inayokunywa maji

Kwa kuwa ya asili ilikuwa nailoni, nami nikachapa kwa nailoni, PA6. Mdomo wa printa ulikuwa ukilia pa-pa-pa kama mahindi kwenye sufuria: ni maji yaliyomo kwenye plastiki yanageuka mvuke. Gia ilitoka na tabaka zinazoachana kwa kucha. Nikaukausha uzi wa plastiki saa 12 kwa nyuzi 80, nikachapa tena ukiwa bado kwenye boksi la kukaushia. Safari hii gia ilikuwa ngumu na safi, ikaingia, waipa zikafanya kazi. Nikaandika "imekwisha" kwenye bahasha.

Baadaye kidogo, baada ya siku kadhaa za mvua, mota ilianza kunung'unika. Nilipofungua, gia ilikuwa imekaza kwenye skrubu. Kalipa ikasema 53.2. PA6 hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba, na niliichapa ikiwa kavu kabisa kwa kipimo kamili, bila kuacha nafasi ya kuvimba. Kiwanda hakika kilijua hilo, mimi ndiye sikujua. Ningeweza kuchora upya kwa nafasi kubwa zaidi, au kutumia PA12, nailoni nyingine, ambayo hunyonya kidogo sana kuliko PA6. Lakini nilichoka na tabaka. Jino la gia hupigwa mara kwa mara, na tabaka za printa zinaweza kuachia.

Uamuzi: POM, ile plastiki nyeupe ya kuteleza, ikatwe kwenye fimbo ngumu. Inanyonya maji kidogo mno, haihitaji mafuta mengi, na meno yake hukatwa safi. Sikuijaribu kwenye printa: haishiki meza, na ikipashwa moto kupita kiasi hutoa gesi ya fomaldehidi.

23 Machi: Kwa nini si shaba

Rafiki yangu yule wa kifundo alisema, "Kaka, kata ya shaba njano, umalize habari." Nilimpa bahasha asome. Ndani ya kasha la mota grisi ya miaka hamsini ilikuwa imegeuka nta ngumu, na bushi zinazobeba mikono ya waipa zilikuwa kavu kiasi kwamba mkono mmoja sikuweza kuuzungusha bila koleo. Gia ya nailoni ilikatika kwa sababu ilikuwa ndicho kiungo dhaifu, na bila shaka afadhali kiungo dhaifu kiwe plastiki. Ingekuwa shaba, ingeungua mota. Kipuri kigumu zaidi hakiponyi gari. Kinausogeza ugonjwa hadi kipuri cha jirani.

Fundi mkerezaji mwenye mashine ya kukata gia alinikatia mbili kwa fimbo ya POM ya milimita 60, kwa kipimo cha 24. Kosa likawa langu tena: shafti ya chuma niliigundisha kwa epoksi. POM haishiki gundi karibu yoyote. Waipa zilifanya kazi kwa dakika nne, kisha mota ikawa inazunguka na waipa zimelala. Kwenye gia ya pili tumechonga tundu lenye bapa upande mmoja, na shafti ikapigwa tupa bapa hilohilo. Gundi hakuna.

Nikaosha kasha, grisi mpya, bushi za mikono zikalowekwa mafuta hadi zikazunguka kwa kidole. Zile bushi ndizo zilizokuwa kazi halisi, nazo zilichukua saa moja na nusu.

Gharama ya gia, tangu Februari: gia 4 pipani, 1 iliyoharibiwa na epoksi, 1 kwenye gari, saa 19 zangu bila za fundi.

6 Aprili: Raba kwenye mitungi

Raba moja hupitisha nyaya juu, ambapo maji ya mvua hufika. Nyingine hupitisha bomba dogo chini, karibu na injini, na hulowa mafuta. Za zamani zilikufa vifo tofauti: ya juu imekauka na kupasuka, ya chini imevimba na kuwa laini kama ulimi. Nikaona hilo, nikaliandika, kisha nikaenda kukata zote mbili kwa karatasi moja ya EPDM, aina ya raba ya viwandani, kwa sababu kila mtu anaisifu kwa hali ya hewa.

Safari hii angalau niliweka vipande kwenye mitungi kabla ya kufunga. Vipande vya unene wa milimita 3, siku 7 kwenye mafuta ya injini. EPDM ilitoka 3.6 na ikawa laini. Mpira wa asili ulikuwa hovyo zaidi, uliacha rangi kwenye mafuta. Silikoni ilivimba kiasi. NBR, raba ya nitrili, ilitoka 3.1 na ugumu wake uleule.

Kwa hiyo chini NBR, juu EPDM. Msibadilishe: NBR ikiachwa juani na hewani hupata nyufa ndogondogo upesi. Kinyume chake kipo pia. Kwenye mafuta ya breki ya kawaida, yale ya glaikoli, EPDM ndiyo husimama na NBR huharibika, ndiyo maana raba za breki ni somo lingine ambalo nimeahidi kutoligusa. Mpira unaogusa petroli yenye ethanoli nao una raba yake, FKM, na sitaujaribu kwa mabaki ya kitu kingine.

Gharama: saa 3 na siku 7 za kungoja. Hakuna kilichotupwa isipokuwa mafuta.

20 Aprili: Vibanio

Haraka tu. Vya ASA: vinne vilivunjika wakati wa kuvisukuma kwenye mlango, kwa sababu kibanio lazima kipinde kabla ya kushika, na ASA haipendi kupinda pembamba. Vya PA12, vilivyochapwa vimelala ubavu ili tabaka zifuate mguu badala ya kuukata: kumi na kimoja vimeingia, vyote vimeshika. Kabla ya kuvisukuma nilivilowesha kwenye maji ya moto nusu saa. Unyevu uleule ulioniharibia gia hapa ni rafiki.

4 Mei: Kitasa kilichogeuka dimbwi

Hili nalieleza kwa aibu. Kitasa cha dirisha dogo kimevunjika sikio moja, pale pini ya chemchemi inapopita. Ni zinki iliyosubiwa, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, imepakwa kromu. Nilipoona chembechembe za kijivu kwenye mvunjiko nikasema huu ni ule ugonjwa wa zinki ambao hula vipuri kutoka ndani. Fundi wa kusubu alikishika, akakisugua kwa kidole, akasema, "Hapana, mzee wangu, ingekuwa ugonjwa huo kingekuwa kimevimba na kuwa chaki." Alikuwa sahihi. Ugonjwa ule hutoka kwenye zinki yenye uchafu wa risasi, bati au kadimiamu, na ndio uliofanya New Jersey Zinc watoe aloi ya Zamak mwaka 1929, kwa zinki safi mno, alumini asilimia 4 hivi, na chembe za magnesi. Kitasa cha 1968 kina bahati hiyo. Kilichokiua ni pini: ilishika kutu, mtu akalazimisha mkono wa kitasa, sikio likatoka.

Hapo ningechimba tundu, nitie pini ya chuma na epoksi, nimalize. Badala yake nikaamua kuliunga kwa moto, kwa kijiti cha shaba. Kijiti hicho huyeyuka karibu nyuzi 900. Zamak huyeyuka chini ya 400. Na zinki haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka; haikuonyi chochote. Sekunde moja nina kitasa, sekunde ya pili nina dimbwi la fedha juu ya tofali na kromu ikielea kama utando wa maziwa. Nilizima, nikatoka nje, maana moshi wa zinki si wa kuvutwa.

Gharama: kitasa halisi kimoja. Hakuna kingine.

1 Juni: Kusubu kwa shaba njano

Kilichobaki ni kitasa cha upande wa abiria, kinyume cha kile. Nilikipima, nikakichora, nikageuza mchoro kama kwenye kioo. Nikaongeza ukubwa asilimia 1.5 kila upande, kwa kuwa shaba njano hunywea ikipoa. Matundu ya pini sikuyachora kabisa, yatatobolewa baada ya kusubu. Pini yenyewe ni milimita 6.35, robo inchi. Safari hii sikudanganyika.

Umbo lilichapwa kwa PLA, likazikwa kwenye plasta ya kusubia, likachomwa ili liachie nafasi. Kusubu kwa kwanza kulitoka na mashimo usoni. Niliomba tuchome haraka, na majivu ya PLA yakabaki ndani. Mara ya pili umbo lilikuwa tupu ndani na kuta nyembamba, na oveni ikapanda polepole usiku kucha hadi nyuzi 700 na kukaa huko saa 4, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo ili hewa iingie na kaboni iungue. Kilitoka safi isipokuwa mkia mmoja niliouondoa kwa msumeno na tupa.

Kwa nini shaba njano na si zinki tena? Kusubu kimoja cha zinki kwa njia hii kunawezekana, ila sikio lile ni jembamba, na shaba hupinda kabla ya kuvunjika. Tena hupokea nikeli na kromu vizuri. Kimetoka kizito kuliko cha asili, hilo unalisikia mkononi.

Gharama: vitasa 2 vya PLA, 1 cha shaba kilichoharibika, saa 16 zangu, siku mbili za fundi.

22 Juni: Kimefungwa

Kitasa kimerudi kutoka kupakwa kromu. Tundu la pini lilibana baada ya kupakwa, nikalipitisha kiboreshi, chombo cha kupanulia matundu, kwa mkono, robo zunguko kila mara. Pini mpya ni ya chuma kisichoshika kutu na imepakwa grisi, kwa sababu pini ndiyo iliyokuwa mgonjwa tangu mwanzo. Kati ya kitasa na fremu ya chuma nimeweka gasketi nyembamba ya EPDM, ili shaba na chuma visigusane kukiwa na maji.

Baada ya kufunga ndipo nilipoona kwamba namba ya kipuri, niliyoinakili kwa uangalifu mkubwa kutoka kitasa cha abiria, nayo imegeuzwa kama kwenye kioo. Iko upande wa ndani. Nimeiacha.

Kifundo cha taa kina miezi minne na siku kadhaa juani, hakijaachia alama ya kucha. Waipa zimepita mvua mbili kubwa. Gia iliyoharibiwa na epoksi nimeitoboa upya kwa bapa, iko kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na kipande cha karatasi chenye namba mbili kwa wino mwekundu: 24 na 48.